Hotuba ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Kutimiza Miaka 10: Mabinti Zetu na Ufundi wa Mashine Mpya

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kutufikisha siku hii ya leo. Miaka 10 si mchezo. Wapo waliosema mwaka hautaisha kabla hatujashikana mashati kwa sababu ya fedha. Kushikana tumeshikana, hatutaficha, lakini sanduku letu bado lipo na funguo zake 3 bado ziko mikononi mwa watu 3.

Kabla ya kuendelea tunaomba tusimame kimya kwa dakika moja. Tuwakumbuke wanachama wenzetu waliotangulia mbele ya haki katika miaka hii 10. Tuwakumbuke pia wale wasichana 12 waliofariki kwa moto wa bweni katika Shule ya Sekondari Idodi, mwezi Agosti mwaka 2009. Kikundi chetu kilikuwa bado hakijazaliwa, lakini sisi akina mama tulikuwepo. Tangu siku ile, hapa kwetu mtu akisema "mtoto wa kike yuko shuleni", neno hilo hatulisikii juu juu.

Asanteni. Tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Mhazini wetu amekwisha kusoma hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii, na hatuna haja ya kuzirudia. Tumeona tutumie nafasi hii kusema jambo moja tu, ambalo limetugombanisha ndani ya kikundi kuliko hata marejesho ya mikopo. Jambo lenyewe ni kutumia fedha zetu kuwasomesha mabinti ufundi. Na hasa ufundi huu mpya wa mashine inayochapa vitu, siyo karatasi, vitu vyenyewe vya kushika mkononi. Wataalamu wanaiita printa ya 3D.

Tunajua wapo wanaojiuliza: akina mama wa darasa la saba, walima mpunga wa Idodi, mambo ya printa yanawahusu nini? Subirini kidogo, tutafika.

Lakini kwanza tuseme kosa letu, maana sherehe isiyo na ukweli ni ngoma tu.

Mfuko wa elimu tuliuanzisha mwaka wetu wa tatu. Maombi ya kwanza yalikuwa mawili. Kijana mmoja wa kiume aliomba mkopo wa kwenda kujifunza udereva. Binti mmoja aliomba kwenda kusoma ufundi wa mitambo. Tulikaa chini ya mti pale pale tunapokaa siku zote. Kijana tulimpitishia kwa makofi. Binti tulimcheka. Tulisema, "Msichana na spana wapi na wapi?" Tukamshauri eti aende ushonaji. Yeye hakutaka ushonaji. Mwezi haukuisha akaondoka kwenda mjini kufanya kazi za ndani, na hadi leo hajakaa darasani tena.

Mama yake ni mwanachama, amekaa hapa mbele yetu, na ametupa ruhusa tuyaseme haya. Miaka miwili baadaye lilikuja ombi jingine kama lile, la binti wa mwanachama mwingine. Watu wakaanza tena kuguna. Ndipo mama yule yule tuliyemkatalia mtoto wake akasimama, akaweka hisa zake zote kumdhamini mtoto wa mwenzake. Hakuhutubia. Alisema tu, "Huyu msimrudishe." Tulinyamaza, tukapitisha. Makofi hayakupigwa siku ile, kwa aibu.

Binti yule wa pili ndiye aliyetuletea habari za mashine hii.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Hebu tueleze mashine yenyewe kama alivyotueleza, kwa lugha ya jikoni.

Kinu tunakipataje? Fundi anachukua gogo zima, anachonga, anatoa, anatoa, mpaka kinu kinabaki. Vibanzi vinaenda kuwa kuni. Chungu je? Mama anaponda udongo, anauviringisha, anaweka duara juu ya duara, anasawazisha kwa kidole na maji, mpaka ukuta unasimama. Kwenye kinu unapunguza, kwenye chungu unaongeza. Wenzetu Wakisi wa kule Ziwa Nyasa, upande wa Ikombe na Matema, wanajulikana tangu zamani kwa vyungu vyao, na wafinyanzi ni wanawake.

Basi mashine hii inafanya kazi kama chungu. Badala ya udongo inatumia uzi wa plastiki, unene wake milimita 1.75, umeviringishwa kwenye gurudumu kama uzi wa cherehani. Uzi unapita kwenye tundu dogo la moto, upana wake milimita 0.4 hivi, kwenye joto la nyuzi kama 200. Unayeyuka, unatoka kama uji mzito, na mashine inauchora juu ya meza yake tabaka baada ya tabaka. Tabaka moja unene wake ni kama milimita 0.2. Kwa hiyo kitu chenye kimo cha sentimita 2 tu ni tabaka 100. Uzi unaotumika sana unaitwa PLA, na unatengenezwa kwa sukari inayotokana na wanga wa mimea kama mahindi. Binti alipotuambia hilo, mmoja wetu aliuliza, "Sasa mkikosa ugali mtaila?" Tulicheka sana.

Mchoro unatoka kwenye kompyuta. Mwanafunzi anapima kitu, anakichora, kompyuta inaukatakata mchoro kuwa tabaka, halafu mashine inafuata. Ndiyo maana binti anasema kazi kubwa si ya mashine. Kazi kubwa ni kupima na kufikiri.

Kitu kingine tuelewane. Mashine hii ni ya polepole. Ukitaka ndoo 10,000, kiwanda chenye kalibu kitakushinda mbali. Lakini kalibu ya kiwanda ni ghali sana, na ukikosea umekula hasara. Ukitaka kitu kimoja, au vitano, au unataka mfano wa kujaribu kabla hujatengeneza vingi, hapo ndipo mashine hii inaposaidia. Fundi cherehani mwangalifu hakati kitenge cha watu moja kwa moja. Anakata karatasi kwanza, anampima mteja, anarekebisha, ndipo anashika mkasi. Wenzetu mafundi sanifu nao wanafundishwa hivyo: tengeneza mfano haraka, ujaribu, uone kosa lake, urudie.

Ndugu wanachama,

Ufundi huu haukuanza jana. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Chuck Hull, alifanikiwa kutengeneza kitu kwa kugandisha maji maji maalumu kwa mwanga, tabaka kwa tabaka. Kitu chake cha kwanza kilikuwa kikombe kidogo cha kuoshea jicho. Miaka michache baadaye Mmarekani mwingine, Scott Crump, alitaka kumtengenezea binti yake mdogo chura wa kuchezea. Akatumia kifaa cha kuyeyushia gundi, akaongeza tabaka juu ya tabaka, na hapo ikazaliwa njia hii ya uzi wa plastiki. Kwa miaka mingi mashine zilikuwa za makampuni makubwa tu. Mwaka 2005 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, Adrian Bowyer, alianzisha mradi wa mashine inayoweza kuchapa sehemu nyingi za mashine mwenzake, na michoro yake ikatolewa bure kwa kila mtu. Tangu hapo bei ikaanza kushuka.

Afrika nayo haikukaa kutazama. Mwaka 2013 huko Lomé, Togo, Afate Gnikou aliunda mashine ya namna hii kwa kutumia vipuri vya kompyuta na printa zilizotupwa jalalani. Hapa kwetu Dar es Salaam, vijana wa STICLab nao wamejenga mashine kwa kutumia mabaki ya vifaa vya umeme. Nairobi kuna kampuni ya AB3D, iliyoanzishwa na Roy Ombatti. Kijana huyu, alipokuwa bado anasoma, aliwaza kuchapa viatu vya watu ambao miguu yao imeharibiwa na funza. Jamani, funza tunawajua. Mtu ambaye mguu wake umepinda kwa funza haendi dukani akapata kiatu cha saizi yake, maana mguu wake hauna saizi. Inabidi kiatu kipimwe kwenye mguu wake mwenyewe.

Na liko jambo lililotugusa zaidi. Uganda, katika hospitali ya CoRSU huko Kisubi, katika muongo wa 2010 walianza kujaribu mashine hizi kusaidia kutengeneza miguu bandia ya watoto, hasa lile kombe linaloshika kigutu. Njia ya zamani ni kumfunga mtoto plasta, kungoja ikauke, kuichonga na kuirekebisha, na kazi inachukua siku kadhaa. Kwa njia mpya wanampima kwa kifaa cha mwanga bila kumgusa, wanachora kwenye kompyuta na kuchapa kwa saa chache. Na mtoto anakua, kombe la mwaka huu mwakani halimtoshi. Majaribio hayo yalifika hata kwetu, katika chuo cha TATCOT cha Moshi, ambacho tangu mwaka 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika.

Angalieni hapo. Mashine peke yake haimpi mtoto mguu. Anayempa ni fundi anayejua kigutu kinauma wapi, mtembeo ukoje na mkanda ukae wapi. Ndiyo maana mambo haya yanapelekwa chuoni, kwa mafundi wanaosoma. Mashine unaweza kuinunua kwa siku moja, lakini fundi analelewa miaka.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Sasa turudi kwa binti yetu.

Alipofika chuoni, chuo ambacho hatutakitaja, aliambiwa kuna mashine hiyo. Alifurahi. Akakaa muhula mzima hajaigusa. Ilikuwa kwenye kabati la kioo, imefunikwa kitambaa, na ufunguo uko ofisini. Wageni wakija kitambaa kinaondolewa, inapigwa picha, kinarudishwa. Wanafunzi walinakili daftarini jinsi inavyofanya kazi, wakafanya mtihani, wakafaulu. Alikuja likizo akatuambia, "Mama zangu, mimi nimefaulu mashine ambayo sijawahi kuisikia ikinguruma."

Tuliumia. Ile ilikuwa fedha yetu, hisa kwa hisa, ya kuuza mpunga na mboga. Wapo waliosema tumrudishe. Lakini tulipotulia tukaona wakubwa wale tunawaelewa. Waliogopa iharibike na vipuri hawana. Hata sisi tulipopata bomba la kwanza la kupulizia dawa shambani tulilifungia stoo ya katibu msimu mzima, eti lisichakae. Magugu yakatushinda na bomba likiwa jipya.

Muhula uliofuata alikuja mwalimu mmoja kijana, akaomba ufunguo kwa barua. Akawaita wanafunzi siku za Jumamosi. Siku ya kwanza hakuwafundisha kuchapa. Aliwaambia waifungue mashine yote, waweke kila skrubu kwenye sahani, halafu waifunge tena. Ilipozibwa tundu lake, hakumwita fundi wa nje, aliwaambia wazibue wenyewe. Binti anasema aliyeweza kuzibua tundu ndiye aliyeanza kuijua mashine. Wale waliokuwa wanangoja itoe kitu kizuri waliendelea kuwa wageni wake. Baada ya hapo aliwapa kazi moja: kila mmoja arudi nyumbani, alete kitu kilichovunjika.

Binti yetu alirudi Idodi akatuuliza, "Nini kimevunjika?"

Tukamwonyesha bomba. Lile lile. Kifyatulio cha mkononi kilikuwa kimekatika. Madukani Iringa mjini tulikuwa tumezunguka tukaambiwa kipuri hicho hakiuzwi peke yake, tununue bomba zima. Kitu kidogo kama kidole cha mtoto kimelaza bomba zima!

Alikipima kwa rula ya shule, akaenda akachora, akachapa, akatuletea. Hakikuingia. Kilikuwa kinene kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitosha. Akasema, "Nimekosea kupima, rula haifai, inatakiwa venia." Akaazima chuoni kile kipimio cha chuma chenye taya mbili, akapima upya.

Cha pili kiliingia vizuri. Tukapiga vigelegele. Siku ya kwanza shambani, mbano wa tatu au wa nne, kikakatika katikati kama biskuti.

Hapa ndipo tunapotaka kila mtu asikilize. Tuna mwenzetu mmoja, bibi yetu, ambaye ujanani alikuwa mfinyanzi. Hajui kusoma. Alikichukua kile kipande, akakigeuzageuza juani, akapitisha ukucha pale kilipokatika. Akasema, "Hiki kimeachia kwenye maungio. Chungu ukikifinyanga udongo wa chini umeshaanza kukauka, wa juu haushiki, kinapasuka kwa mviringo hivi hivi. Na wewe umekisimamisha wakati wa kukijenga. Kingelala."

Binti alinyamaza. Halafu akatoa daftari akaandika. Maana ndivyo ilivyo: kitu cha tabaka kina nguvu ukikivuta kwa kufuata urefu wa tabaka, lakini ukikivuta ili kuzitenganisha, kinaachia. Mwalimu wake alikuwa amewafundisha jambo hilo, yeye alikuwa hajalielewa mpaka alipoliona mkononi mwa bibi.

Cha tatu alikichapa kikiwa kimelala, akakiongezea unene. Kilikaa. Kilifanya kazi wiki mbili, halafu mmoja wetu akaliacha bomba juu ya bati saa nane mchana. Jua la huku Idodi mnalijua. Ile plastiki ya PLA inaanza kulegea kwenye joto la nyuzi kama 60, na kifyatulio kikapinda kama ulimi. Cha nne akatumia plastiki ya aina nyingine, jamii ya ile ya chupa za maji, inayostahimili joto zaidi. Hicho kipo kwenye bomba mpaka leo, na bomba lenyewe liko pale mezani pa maonyesho. Mnakaribishwa mkalibonyeze. Na vile vitatu vilivyoharibika tumeviweka kando yake, kwa makusudi.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Baadhi ya wanachama waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: je, hapo hatukupata hasara ya vipande vitatu? Tulikaa tukapiga hesabu. Kipande kimoja kilitumia plastiki ya gramu chache tu. Hasara ya vyote vitatu haikufikia hata faini ya mtu aliyechelewa mikutano michache. Lakini kwa vipande vile vitatu binti alijifunza kupima, akajifunza tabaka zinashikanaje, akajifunza joto. Angekosea mara hizo kwenye chuma au kwenye kalibu ya kiwanda, tungeuza ng'ombe.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema katika miaka yetu 10. Mwanafunzi wa ufundi apewe nafasi ya kukosea mapema, kwa gharama ndogo, mbele ya mtu atakayemwonyesha kosa lilipo. Sisi wenyewe tulijifunza mikopo hivyo. Tulianza kwa kukopeshana fedha ndogo ndogo, wengine wakashindwa kurejesha, tukarekebisha masharti, tukaanza tena. Kama siku ya kwanza tungekopeshana mamilioni, kikundi kingekufa na urafiki pia. Haba na haba hujaza kibaba, na hata ile mashine haijui njia nyingine.

Yule binti tuliyemkatalia hakupata nafasi ya kukosea hata mara moja. Sisi ndio tuliofunga kabati, na halikuwa la kioo.

Ndugu wanachama,

Baada ya kusema hayo, Kamati yenu inaleta mbele yenu mapendekezo matatu, ili myajadili na kuyapigia kura katika mkutano mkuu.

Kwanza: kila mwaka, katika nafasi za mfuko wa elimu, nafasi moja iwe ya mtoto wa kike anayekwenda kusoma ufundi, uwe wa mitambo, umeme, magari, ujenzi au huu mpya. Siyo kwa kuwabagua vijana wa kiume, maana nao ni watoto wetu. Ni kwa sababu wao hatujawahi kuwauliza, "Wewe na spana wapi na wapi?"

Pili: mkopo wa mwanafunzi wa ufundi uwe na fungu dogo la vifaa vya majaribio. Ada peke yake haitoshi. Tumeona binti anavyoazima venia kila mara kama mtu anayeazima chumvi. Kipimio chake mwenyewe, gurudumu la uzi wa plastiki, bisibisi na glovu: hivyo navyo ni masomo. Na fungu hilo tusilidai kwa vitu vilivyofanikiwa tu. Mwanafunzi alete na vilivyoshindikana, aeleze mbele yetu vimeshindikana kwa nini. Akieleza vizuri, fedha imefanya kazi.

Tatu: kila siku ya mkutano tuweke kapu hapa. Mwenye kitu kilichovunjika kwa sababu ya kipande kidogo akilete: mguu wa taa ya sola, kishikio cha mzani, gurudumu la cherehani, chochote. Binti yetu amekubali kuvipitia akiwa likizo, pamoja na wanafunzi wa sekondari wanaopenda. Siyo vyote vitawezekana. Chombo kinachokaa motoni hakichapwi kwa plastiki, na kitu kinachobeba uzito wa mtu lazima kipitiwe na fundi aliyekomaa. Lakini watoto watajifunza kupima na kuchora, na hilo halihitaji mashine, linahitaji penseli, karatasi na kitu cha kweli mkononi.

Kwa Ndugu Walimu na viongozi wetu tuna ombi moja. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imeweka mkondo wa amali katika sekondari. Tumefurahi sana. Mkoani kwetu tuna Ifunda, shule ya ufundi inayojulikana nchi nzima, na kule Mbeya kile kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986 leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Kwa hiyo nyanda hizi si ngeni kwa mafundi. Tunaomba tu, vifaa vikija, vichache au vingi, visifungiwe kusubiri wageni. Vikiharibika mikononi mwa wanafunzi wanaosimamiwa, tuiteni. Tutachangia spea, kama tunavyochangia madawati. Lakini vikizeeka vikiwa vipya, hatutakuwa na la kuchangia.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Sisi hatudai kwamba mashine moja ndogo italeta viwanda Idodi. Mpunga bado utalimwa kwa maji ya mfereji na jasho, na nyani wa hifadhini hawataacha kuja shambani kwa sababu tuna printa. Binti yetu mwenyewe bado anasoma. Hatujui atapata kazi wapi wala lini, na mkopo wake bado anadaiwa, tena anaujua kwa shilingi yake ya mwisho. Tunachosema ni kwamba sasa yupo mtu hapa kwetu ambaye kitu kikivunjika hasemi "tununue kingine." Anasema "hebu nikione."

Mwisho tunamshukuru mama yule aliyeweka hisa zake rehani kwa ajili ya mtoto asiye wake. Kamati imemwomba apokee zawadi leo akakataa. Amesema zawadi anayoitaka ni binti yake arudi asome, hata kama umri umekwenda. Tumemwandikia binti huyo barua. Tumemwomba radhi, na tumemwambia fomu ya mkopo ipo, na hakuna atakayecheka. Jibu bado hatujapata. Tunangoja.

Kwa hayo machache, tunawashukuru wote mliokuja, mliochangia mchele, kuku, viti na maturubai, na vijana waliofunga spika toka alfajiri. Chakula kipo tayari, tusiondoke mapema.

Mungu kibariki kikundi chetu. Mungu ibariki Tanzania.